Kunadi Mazishi kwa Ndengu

Wengine wakistaafu hupewa saa ya ukutani. Mimi nilipewa gunia la ndengu, zile ambazo watu wa pwani huziita choroko, na wenzangu walioliburuta hadi mlangoni walicheka mpaka wakakaa juu yake. Ninyi mlioingia juzi katika kazi hii ya kuwatunza majumbani wagonjwa wasiotarajiwa kupona hamkuelewa kichekesho kiko wapi. Huenda mmesikia kwa watu kwamba mimi, Sista Nduku, nilikuwa nikicheza kamari vitandani mwa mahututi. Wamekosea kidogo tu, ulikuwa mnada. Nimeombwa niandike niliyojifunza, na kwa kuwa siku hizi kuku wangu ndio pekee wanaonisubiri asubuhi, nitaandika kwa raha zangu.

Nilitoka wodi ya kujifungulia, ambako ubishi mkubwa huwa ni mtoto ataitwa jina la nani. Nikahamia kikundi chetu cha misheni kinachozunguka Kitui na Makueni kwa pikipiki, na barabara ikikataa, kwa miguu. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Muli. Muli alikuwa muuguzi kama mimi, ila watu walikuwa wamemwita daktari kwa miaka mingi hata akachoka kuwasahihisha. Mkoba wake ulikuwa na mofini ya maji, dawa ya kulainisha choo, glavu, na kipande cha katoni kilichochorwa miraba kwa makaa. Nilimuuliza katoni ni ya nini. Alisema ni kifaa cha uchunguzi, akapiga pikipiki teke ikawaka.

Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa nje kidogo ya Kabati. Mzee alikuwa na saratani ya koo. Mkewe alitupokea langoni, akanishika mkono na kuninong'oneza, "Sista, tafadhali usimwambie. Yeye hajui." Tukaingia. Mke alipokwenda kuleta chai, mzee naye akaniita kwa kidole. "Sista," akasema kwa ile sauti iliyobaki, "usiambie mama. Yeye bado hajajua." Walikuwa wamelala kitanda kimoja msimu mzima, kila mmoja akimfichia mwenzake siri ileile. Muli aliniona mashavu yamevimba kwa kuzuia kicheko, akanituma nje nikaokote vifuniko vya soda.

Niliporudi alikuwa amempa mzee mofini na tukasubiri imwingie. Hilo ndilo somo la kwanza la Muli na sijaona la kulipita: maumivu kwanza, maneno baadaye. Mtu anayeumwa hana utani. La pili ni kwamba ukimpa mtu mofini bila dawa ya choo, wiki ijayo hatataka kuongea nawe kuhusu kifo wala kuhusu kitu kingine chochote. Mzee alipolegea uso, Muli aliweka katoni juu ya kitanda, akapanga vifuniko, vyake vimelala chali, vya mzee kifudifudi, na drafti ikaanza. Alitoa sharti moja. Atakayepata kingi atamuuliza mwenzake swali lolote, na jibu liwe la kweli.

Mzee ndiye aliyepata kingi kwanza. Alifikiri, akamwangalia Muli kwa jicho la mtu aliyepata nafasi ya kulipiza. "Daktari, wewe siku ukikufa, unataka nini?"

"Nataka mtu alishe mbwa wangu kabla ya kuanza kulia," Muli akasema bila kuinua macho. "Nawajua watu wangu. Watalia mpaka jioni na mbwa atakaa njaa."

Mke, aliyekuwa pembeni akijifanya anachambua mbaazi, aliachilia kicheko kimoja kikubwa, akajifunika mdomo kwa ncha ya leso. Mzee akageuka kumtazama. Kisha akasema, polepole, kana kwamba bado wanazungumzia mbwa, "Mimi nataka wewe usiuze ile ng'ombe nyeupe. Wakija kukuambia uuze ya mazishi, ukatae." Mke akaacha mbaazi. Sisi tukatoka kwenda kuangalia pikipiki ambayo haikuwa na shida yoyote. Tuliporudi walikuwa wameshikana mikono, wote wawili wamelia, na wanabishana kuhusu ng'ombe kwa sauti. Muli aliniambia njiani kwamba nyumba ikianza kubishana, imepona nusu.

Drafti ilitufaa miaka mingi, lakini ina kasoro zake. Kuna wanaume wasiokubali kushindwa hata wakiwa na drip. Usimwachie mgonjwa ashinde kwa huruma, atajua, na hatakuamini tena hata kwenye vipimo vya dawa. Na kuna akina mama wengi wa kwetu ambao drafti kwao ni mchezo wa wanaume wanaokaa dukani bila kazi. Kwa hao sikuwa na kitu, mpaka nilipokutana na Mzee Musyimi.

Mzee Musyimi alikuwa na duka la vyombo Kabati, na kanisani ndiye aliyekuwa mnadi wa mavuno. Mnajua minada yetu ya kanisa. Mtu analeta kuku kwa sadaka, mnadi anamwinua miguuni, anamsifu kama bibi harusi, na kuku mmoja anaweza kununuliwa mara nne kwa sababu kila anayemnunua anamrudisha. Sasa ini lilikuwa limeharibika na Mzee Musyimi alikuwa kitandani. Drafti aliikataa. Mkewe, Mama Mbithe, alikuwa amepiga marufuku neno kifo katika nyumba nzima. Ukiulizia mpango wowote wa mbele, anakwambia, "Hiyo maneno tumeachia Mungu," na chai inakuja na sukari nyingi kidogo ili unyamaze.

Siku moja alikuwa anapepeta ndengu sebuleni, na mzee akawa anamnadia mkewe ndengu zake mwenyewe kwa mzaha. Hata akiwa mgonjwa sauti yake ilijaa nyumba. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilichota ndengu, nikampa kila mtu konzi moja, nikasema, "Mzee, leo tunadi mazishi. Yangu, yako, ya kila mtu. Ndengu zikiisha, huwezi kununua tena. Anza na hema."

Nilidhani nimefukuzwa. Kisha akajiinua kwa kiwiko. "Hema!" akapaza. "Hema safi, halivuji, lina pazia ya zambarau! Nani anataka hema?" Mama Mbithe akasema upesi kwamba hataki kusikia. Alipoona nanunua hema kwa ndengu kidogo mno, damu ya mnada ikampanda. Akanipiku. Akanunua hema, akanunua kwaya, akanunua chapati za watu wote. Mzee alipofikia hotuba za wanasiasa, alijinunulia mwenyewe kwamba zisiwepo, kwa karibu konzi yake nzima, na hakuna aliyethubutu kumpinga. Kwa zile zilizobaki akanunua kuzikwa bila viatu.

"Bila viatu?" Mama Mbithe akauliza. "Na vile viatu vyeusi nilikununulia?"

"Vinanibana tangu siku ya kwanza."

"Umevivaa miaka yote hiyo."

"Si wewe ndio ulinunua."

Mama Mbithe alicheka mpaka ungo ukamponyoka na ndengu zikatawanyika chini ya viti vyote. Alicheka akiwa amepiga magoti akiziokota, na kicheko kikageuka kilio hapohapo sakafuni, na mzee akamwambia aje akae kitandani aache kuokota. Walizungumza mpaka chai ikapoa. Alizikwa miguu mitupu, na waombolezaji waliokuwa wakinong'ona kuhusu jambo hilo waliambiwa na mjane wafunge midomo.

Tangu siku hiyo nilitembea na ndengu. Sikilizeni mambo madogo, maana ndiyo yatakayowaokoa. Ndengu zikaushwe vizuri, la sivyo wadudu watanunua mazishi kabla yenu. Mgonjwa ambaye dawa za saratani zimemfisha ganzi vidole hawezi kushika ndengu, mpe maharagwe makubwa au vifuniko vya soda. Usicheze siku ya kwanza. Nadi yako pia, kwa moyo wote, maana ukinadi ya mgonjwa peke yake utakuwa mwizi. Mimi nimenunua mazishi yangu mara nyingi sana, na kila mara nimekosa kwaya. Na ofisini msiandike kwamba mnahitaji ndengu. Mimi niliandika "vifaa vya mawasiliano", na bwana mmoja wa ofisi yetu ya mjini Wote akaniita. "Sista," akasema akinitazama juu ya miwani, "hivi vifaa vya mawasiliano vimeliwa na panya. Inawezekanaje?" Nilimwonyesha mchezo palepale mezani. Alinunua kwamba shemeji yake asipewe kipaza sauti. Vifaa vilipitishwa.

Si kila mahali palifaa. Huko Makueni bibi mmoja alinitoa nyumbani kwake na mwiko mkononi kwa sababu ukitaja kifo umekiita, na kilikuwa kimeanza kuzoea njia. Nilimheshimu, nikarudi wiki iliyofuata na mofini tu.

Na Kitui mjini nilipata somo la namna nyingine kwa Mzee Salim, muuza vitambaa, ambaye wazazi wake walitoka pwani. Nilimweleza mnada wangu wote kwa bidii. Alinisikiliza kwa adabu, mkono kwenye tasbihi.

"Kwanza mwanangu, hizo choroko zako, si kamari hiyo?"

Nikamhakikishia kwamba hakuna anayekwenda nazo nyumbani.

"Haya. Pili, mimi utaninadia nini? Hema sina haja nalo. Jeneza silalii. Sanda ni ileile ya tajiri na ya maskini, na nikifa asubuhi, alasiri nishazikwa. Mnada wako hapa umefilisika." Mkewe, Bi Zuhura, alikuwa mlangoni anatikisika mabega. Mzee akanionea huruma. "Sisi kilichobaki kwetu ni kuombana radhi. Tutege vitendawili. Atakayeshindwa, badala ya kutoa mji, atoe jina la mtu anayetaka kupatana naye."

Tukatega. Mimi nilishindwa mara mbili na nikataja watu ambao sitawataja hapa. Kisha Bi Zuhura akamtegea mumewe kile cha nyumba yangu haina mlango, ambacho mtoto yeyote anajua ni yai. Mzee Salim akakuna ndevu. Akasema kimemshinda. Bi Zuhura akamtazama, na wote tulijua kwamba mzee anajua jibu. "Basi toa jina," mkewe akasema kwa upole, na mzee akatoa jina la mdogo wake wa Mwingi ambaye hawakuwa wamesemezana tangu msiba wa mama yao. Kabla ya Ijumaa mdogo mtu alikuwa ameketi kwenye kiti nilichokalia mimi, analishwa mahamri. Toka hapo nilijifunza kuuliza mchezo wa nyumba kabla ya kutoa wangu.

Lakini mkiniuliza ni nyumba gani naikumbuka nikiwa peke yangu nikaanza kucheka kama mwendawazimu, ni ile ya Kambu.

Mutinda alikuwa fundi wa pancha kando ya barabara kuu ya Mombasa, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya karakana. Mkewe Ndanu alikuwa amemleta mama yake kutoka Kabati amuuguze. Mama huyo aliitwa Susu Kalunde. Susu kwetu ni nyanya, na hata watu wasio wajukuu wake walimwita hivyo. Saratani ilikuwa imefika mifupani, na nyonga moja ilikuwa imeliwa hivi kwamba Ndanu pekee ndiye aliyejua kumgeuza bila kumtoa ukelele. Niliwahi kujaribu, akanitusi kwa Kikamba kizuri sana.

Sasa, mama mkwe kuishi kwa mkwewe ni jambo zito Ukambani. Tuna heshima tunayoiita nthoni. Mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawaketi pamoja, hawasemezani. Mutinda na Susu walikuwa wameishika nthoni tangu harusi, na kifungua mimba wa Ndanu alikuwa tayari amemaliza shule. Wakikutana njiani, Mutinda alikuwa akiingia kichakani, na Susu anajifunika leso. Kwa hiyo alipoletwa mgonjwa, Mutinda alimjengea chumba cha mabati, mlango ukitazama upande mwingine kabisa, ili wasikutane hata kwa bahati mbaya. Mabati hayazuii sauti. Mutinda alisikia kila mgonjwa alipoumia, naye Susu alisikia kila nyundo, na hakuna aliyemwambia mwenzake pole.

Shida ilikuwa Kyalo, kaka mkubwa wa Ndanu, aliyebaki Kabati. Alipiga simu kwamba Jumamosi anakuja na gari kumchukua mama. "Mama hawezi kukata roho kwa mkwe," alisema, na simu ilikuwa wazi sote tukasikia. "Watu watasema sisi wavulana wake tulikuwa wapi?" Mimi niliijua ile nyonga. Safari ya kutoka Kambu mpaka Kabati ingekuwa mateso yake ya mwisho, na huenda asingefika. Nilimuuliza Susu anataka nini. Alisema wenye kusema ni watoto wake. Ndanu kila akitaka kumuuliza alikuwa anaanza kulia. Na Mutinda, mwenye boma, ambaye neno lake lingemzuia Kyalo, alinifuata mpaka kwenye pikipiki akakunja kofia yake na kuikunjua. "Sista, mimi siwezi kujua anataka nini," akasema. "Siwezi kumuuliza. Na nikisema abaki na kumbe yeye anataka kwenda kwake, nitakuwa nimefunga mama ya watu."

Ilikuwa Alhamisi. Nikatoa ndengu.

Susu alikuwa kitandani, kitanda kimegusa ukuta. Mutinda nilimketisha nje, juu ya gurudumu, mgongo wake kwenye ukuta uleule upande wa pili. Mimi nilisimama penye kona nikiwaona wote. Ndanu akawa mbeba ndengu, anakimbia kutoka ndani kwenda nje, na nikasisitiza kwamba majina ya wanaonunua yasitajwe, ili heshima isivunjike. Kanuni nzuri sana, ila nje kulikuwa na mtu mmoja tu.

Tulianza kwa wepesi. Susu alinunua nyimbo. Mutinda akanunua kwamba asizikwe na sare ya kazi. Nilinadi kuzikwa Kabati kando ya mzee wake, na Susu akanunua kwa ndengu chache kwa kuwa hakukuwa na mpinzani, akalalamika kwamba mume wake alistahili bei. Alikuwa anacheka. Kisha nikavuta pumzi. "Sasa nanadi kitanda hiki," nikasema. "Kisihamishwe. Kibaki hapa Kambu mpaka siku ya mwisho."

Nikaona mkono wa Susu unasukuma ndengu kidogo, polepole, kama mtu anayeiba. Ndanu akaziangalia, akaniangalia, macho yakamjaa. Lakini kabla sijapiga kofi la kuuza, kutoka nje ikaja konzi kubwa zaidi.

Susu akainua kichwa. Akaongeza. Nje wakaongeza. Akaongeza tena. Ndanu alikuwa anakimbia kuzunguka nyumba, leso imemfunguka, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Ni nani huyo?" Susu akauliza.

"Ni mtu, mama."

"Mtu gani?"

"Mtu wa nje."

Susu akamwaga zote alizokuwa nazo, pamoja na zile alizokuwa ametenga za kununua pasta wa kumzika. Ndanu akatoka, akarudi ameshika kiganja kilichojaa. "Mama, ndengu zake zimeisha. Ameweka nati za lori." Na kweli zilikuwa nati, nzito, zina grisi. Mimi mnadi nilikuwa natafuta sheria kichwani, kama mnada wangu unakubali nati, niliposikia fimbo ya Susu ikigonga mabati kwa nguvu nisiyojua anayo.

"Mutinda! Kitanda yangu unaitakia nini? Unataka kunifukuza?"

Lori moja lilipita barabarani na hatukusikia kitu kingine mpaka lilipopotea. Ndanu alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Jina lile halikuwa limewahi kutoka kinywani mwa mama yake.

"Hapana, mama," sauti ya Mutinda ikasema upande wa pili wa mabati, nyembamba kuliko nilivyoizoea. "Nilikuwa nanunua ndio wasikutoe."

Nilidhani Susu atalia. Alilala chali akatazama paa, kisha tumbo likaanza kutikisika, akacheka mpaka nyonga ikamuuma, akaniambia nimpe dawa upesi amalize kucheka. Mutinda naye nje akaanza, na Ndanu akaketi sakafuni palepale. Mimi ni mtu mzima, mwenye sare na beji, na nilishika nguzo ya mlango nisianguke.

Susu alipopata pumzi, akakumbuka yeye ni nani.

"Mutinda, umeongea na mimi."

"Wewe ndio umeanza, mama."

"Sikuuliza nani ameanza. Leta mbuzi."

Hapo wazee wetu walikuwa werevu. Walijua kuna siku nthoni itakuwa mzigo, wakaacha mlango: mkwe achinje mbuzi, pande zote mbili wale pamoja, na baada ya hapo wanaweza kusemezana bila mtu kuona haya. Mutinda hakupoteza wakati. Jumamosi Kyalo alipofika na gari, godoro nyuma, alikuta moshi, wazee wawili wa mtaa, na beberu amekwishakatwa. Alikuwa ametoka asubuhi bila kula. Alipewa mbavu, na kwa kuwa alilelewa vizuri, alizipokea kwa mikono miwili. Nilikuwepo. Nilijifanya nahesabu chupa za mofini.

"Kyalo," mama yake akamwita kupitia dirishani, "umekula?"

"Nimekula, mama. Asante."

"Umeshiba?"

"Nimeshiba."

"Basi hiyo nyama umekula ndio aibu yote uliniambia kwa simu. Mumeimaliza. Sasa rudi na gari yako. Utakuja kunichukua wakati sitasikia barabara ni mbaya."

Kyalo alikaa na mfupa mkononi. Aliwaangalia wazee wa mtaa, na wazee wakatazama nyama. Kisha akaingia kwa mama yake, akakaa naye sana, na alipotoka macho yalikuwa mekundu lakini alikuwa anatabasamu. Alirudi Kabati na godoro lake na mguu mmoja wa mbuzi.

Susu aliishi mpaka mvua za vuli zikaja. Alikuwa na malimbikizo ya miaka yote ile ya kunyamaza, na aliyatoa kila asubuhi kupitia ukutani. Mutinda anapiga nyundo vibaya. Mutinda anapunguzia bei watu wenye pesa. Mutinda alipokuja kuposa alivaa tai fupi. Naye alimjibu kila neno, na wateja wa pancha wakazoea kungoja. Alimpa habari zote za barabara, na Susu hakumwachia amalize hata moja. Katikati ya hadithi angepaza, "Uongo!" au, "Hiyo umesema jana," na anaanza yake. Nikifika kumwangalia, ilikuwa lazima nikaribie polepole nisiwakatishe. Sijawahi kuona nyumba yenye mgonjwa wa aina ile yenye kelele za furaha hivyo, na mimi nilikuwa nazitafuta sababu za kupita Kambu hata siku isiyokuwa zamu yangu.

Alikufa mchana. Mutinda alikuwa juu ya gurudumu lake, anamsimulia kuhusu dereva mmoja aliyegombana naye juu ya tairi, akaondoa lori kwa hasira na kumsahau mkewe mwenyewe chooni. Ndanu alikuwa ndani, ameshika mkono wa mama, na ndiye aliyejua kwanza. Alimwacha mumewe amalize hadithi.

Nilifika jioni. Kyalo alikuwa njiani anakuja kumchukua. Mutinda alikuwa bado amekaa mahali palepale, na aliponiona alisimama kama mtu aliyekuwa akiningoja kwa swali moja.

"Sista, unafikiri alisikia mpaka mwisho?"

"Mwisho wake ulikuwaje?"

"Dereva alikumbuka akiwa Mtito. Akarudi mbio. Akapata mke wake amekula, amesukwa nywele, amekaa kwa kiti yangu. Akamwambia mama watoto, twende. Mke akamwangalia akamuuliza, 'Kwani wewe ni nani?'"

Nilicheka. Sikuweza kujizuia, na Ndanu akasikia akatoka nje na uso uliovimba, na yeye akacheka. Kisha nikamwambia Mutinda kile tunachofundishwa, na nanyi mtafundishwa, kwamba katika mwili wa mtu masikio ndiyo huchelewa kuondoka.

Akalifikiria hilo, kofia mkononi.

"Basi hiyo aliipenda," akasema. "Hakunikatiza."